Sera za Utawala na Maadili katika Shirika la Hisani: Mwongozo Kamili wa Kuziandika na Kuzitumia

Sera ni uamuzi uliofanywa mapema, kabla jina la mtu halijaingia katika jambo. Siku ambayo shemeji wa mwenyekiti anaomba zabuni, au mhasibu anayependwa na kila mtu anashukiwa kuchota fedha, hakuna bodi inayoweza kukaa na kutunga kanuni ya haki. Kila neno litakalosemwa siku hiyo litakuwa linampima mtu huyo. Kwa hiyo kanuni ziandikwe, zipitishwe na zijulikane wakati wa utulivu. Shirika la hisani linashika fedha zisizo zake, zilizotolewa na watu walioamini kwamba zitamfikia mwingine, na huyo mwingine mara nyingi hana nguvu ya kuuliza zilikokwenda.

Mwongozo huu unamfaa anayeanza kutoka sifuri na pia shirika lenye sera zilizonakiliwa kutoka kwingine na kufungiwa kabatini. Kazi yote, ikifanywa kwa utaratibu, huchukua miezi sita hadi tisa. Msipitishe sera kumi na tano katika kikao kimoja, kwa sababu bodi inayofanya hivyo haijasoma hata moja.

## Anzeni na katiba

Kabla ya kuandika sera yoyote, someni katiba au hati ya udhamini ya shirika neno kwa neno. Tafuteni mambo matano: madhumuni ya shirika, nani mwenye kauli ya mwisho (mkutano mkuu wa wanachama au bodi), akidi ya vikao (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali), namna ya kuingia na kutoka katika bodi, na mali zitakwenda wapi shirika likivunjwa. Sera haiwezi kupingana na katiba. Mathalani katiba ikisema waweka saini benki ni mwenyekiti na mweka hazina, na sera ya fedha ikasema ni mkurugenzi na mhasibu, malipo yaliyofanywa chini ya sera hiyo yanaweza kupingwa. Rekebisheni katiba kwanza, kwa utaratibu uliomo ndani ya katiba yenyewe.

Kisha andaeni ukurasa mmoja wa madai ya kisheria: sheria ya usajili, kodi, ajira, ulinzi wa mtoto, taarifa binafsi. Kwa kila sheria, andikeni ripoti inayodaiwa, tarehe yake ya mwisho na cheo cha anayeipeleka. Ukurasa huo ubandikwe ofisini. Usajili hupotea kirahisi kwa kuchelewesha ripoti ya mwaka, hata pale ambapo hakuna senti iliyoibwa.

## Sera moja inavyojengwa

Kurasa mbili hadi nne zinatosha. Sera ya fedha na ya ulinzi wa walengwa (watu wanaohudumiwa na shirika) zinaweza kuwa ndefu zaidi, lakini ikizidi kurasa kumi hakuna atakayeifungua anapoihitaji. Kila sera iwe na lengo lake kwa sentensi mbili, inamhusu nani, kanuni, hatua za utekelezaji, nani anawajibika, fomu zinazotumika, kinachofuata kanuni ikivunjwa, tarehe ya kupitishwa na tarehe ya mapitio. Anayewajibika atajwe kwa cheo, kwani watu huondoka.

Ubora wa sera uko kwenye vitenzi. Tumieni “lazima”, “hairuhusiwi” na “anaweza kwa idhini ya fulani”. Ondoeni “inashauriwa”, “kadiri itakavyowezekana” na “shirika litajitahidi”. Kila sentensi ya kanuni ijibu maswali matatu: nani, afanye nini, lini. Sentensi kama “Shirika litahakikisha uwazi katika matumizi ya fedha” haimfungi mtu yeyote. Linganisheni na hii: “Mhasibu atampelekea mweka hazina taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi, pamoja na usuluhishi wa benki (ulinganisho wa vitabu vya shirika na taarifa ya benki), kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata.” Tarehe 11 ikifika bila taarifa, kila mtu anajua nani wa kuulizwa.

Rasimu iandikwe na anayeifanya kazi yenyewe, isomwe na watakaofungwa nayo, kisha ipelekwe kwa bodi. Dereva na mlinzi nao wamo. Iandikwe kwa lugha wanayozungumza wafanyakazi, kwa kuwa sera iliyo katika lugha isiyoeleweka humwadhibu mtu kwa kanuni asiyoijua.

Kuhusu mpangilio, anzeni na nne: mgongano wa maslahi, fedha, ulinzi wa walengwa, na utoaji wa taarifa za maovu. Ununuzi, ajira, uchangishaji, utunzaji wa taarifa binafsi na wa kumbukumbu zifuate. Hizo nne za mwanzo ndizo zinazozuia madhara yasiyorekebishika.

## Bodi na mipaka yake

Wajumbe watano hadi tisa wanatosha. Wakiwa chini ya watano, mmoja akisafiri na mwingine akawa na maslahi katika jambo linalojadiliwa, akidi imekufa. Wakizidi kumi na wawili, wachache huanza kuamua pembeni na wengine wakabaki kupiga muhuri. Kipindi cha miaka mitatu, kinachorudiwa mara moja tu, ni kipimo kizuri. Pangeni theluthi moja ya wajumbe wamalize kila mwaka ili bodi nzima isiondoke kwa mpigo.

Tafuteni mwenye ujuzi wa fedha, wa sheria, wa kazi inayofanywa na shirika, na angalau mjumbe mmoja anayeyajua maisha ya walengwa kwa kuyaishi. Mume na mke, au mzazi na mwana, wasikae pamoja kwenye bodi. Mwenyekiti na mweka hazina wasiwe ndugu. Mkurugenzi mtendaji ahudhurie na achangie, lakini asipige kura, maana bodi ndiyo inayomsimamia.

Wajumbe wa bodi ni watu wa kujitolea. Warudishiwe nauli na gharama halisi kwa stakabadhi. Posho ya kikao inayozidi gharama halisi ni mshahara uliopewa jina jingine. Angalieni katiba na sheria kabla ya kuiruhusu, na ikiruhusiwa, kiwango chake kionekane kwenye hesabu za mwaka.

Mgawanyo wa madaraka uwekwe kwenye jedwali la ukurasa mmoja. Upande wa bodi: mkakati, bajeti, kuajiri na kumwondoa mkurugenzi, mikopo, kununua au kuuza mali isiyohamishika, kupitisha sera, kumteua mkaguzi. Yaliyobaki ni ya mkurugenzi, kwa viwango vya fedha vilivyoandikwa. Jedwali hili husaidia kumaliza tatizo moja linaloharibu mashirika mengi: mjumbe wa bodi anayempigia simu afisa wa mradi na kumpa maagizo. Afisa huyo sasa ana mabosi wawili, mkurugenzi hana tena mamlaka anayodaiwa kuwajibika nayo, na jambo likiharibika hakuna wa kujibu.

Bodi ikutane angalau mara nne kwa mwaka. Ajenda na makabrasha yawafikie wajumbe siku 7 kabla. Taarifa ya fedha inayogawiwa mlangoni haijapitiwa na mtu. Muhtasari uandikwe ndani ya siku 14, ukitaja waliohudhuria, hoja kuu, uamuzi, nani atatekeleza na lini. Kila kikao kiwe na dakika ishirini za wajumbe peke yao, bila mkurugenzi wala wafanyakazi. Ziwekwe kwenye ajenda daima, hata pasipokuwa na la kusema, ili siku litakapokuwapo mkurugenzi asishtuke kwa kuombwa atoke.

## Mgongano wa maslahi

Kuwa na maslahi yanayogongana si kosa. Mtu mwenye ndugu, biashara na uzoefu atakuwa nayo tu. Kosa ni kuyaficha, au kuyataja kisha ukaendelea kuamua. Sera izitaje aina tatu za maslahi: ya fedha (mjumbe au jamaa yake atapata au kupoteza kitu), ya undugu na urafiki, na ya utii kwa pande mbili, pale mtu anapokaa kwenye bodi za mashirika mawili yanayoomba ruzuku ileile. Hii ya tatu husahaulika kwa sababu hakuna pesa inayoingia mfukoni mwa mtu.

Utaratibu uwe hivi.

Kwanza, fomu ya tamko. Kila mjumbe, mkurugenzi na mfanyakazi mwenye sauti katika fedha, ajira au ununuzi aijaze anapoingia, kila mwaka, na ndani ya siku 14 hali ikibadilika. Iulize kuhusu ajira, hisa, biashara, bodi nyingine, na jamaa wanaofanya kazi au biashara na shirika. Elezeni nani ni jamaa: mwenza, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, wakwe na mashemeji, na yeyote anayeishi naye. Asiye na la kutaja aandike “hakuna” kwa mkono wake na aweke saini. Fomu iliyoachwa wazi haimfungi mtu.

Pili, rejista. Katibu wa bodi aziingize fomu zote kwenye rejista moja inayoletwa kila kikao. Kamati ya zabuni nayo iipate kabla ya kufungua bahasha.

Tatu, ajenda. Jambo la kwanza la kila kikao baada ya akidi ni tamko la maslahi juu ya ajenda ya siku hiyo.

Nne, kutoka. Mwenye maslahi ataje, ajibu maswali ya ukweli akiulizwa, kisha atoke chumbani kabla mjadala haujaanza. Asihesabiwe kwenye akidi ya jambo hilo, asipige kura, asitume ujumbe wa simu kwa waliobaki. Kubaki ameketi kimya hakutoshi. Watu hawamkatalii mwenzao huku wanamtazama usoni.

Tano, muhtasari. Uandikwe kwa namna hii: “Mjumbe mwenye maslahi alitaja kwamba kaka yake ni mmiliki mwenza wa kampuni ya tatu katika orodha. Alitoka saa 4:20 asubuhi. Waliobaki, watano, walitosha akidi. Bodi ililinganisha bei tatu na kuchagua kampuni ya kwanza kwa bei na muda wa kuleta vifaa. Mjumbe alirudi saa 4:45.” Aya hiyo ndogo ndiyo itakayomlinda mjumbe na shirika miaka mitatu baadaye, mtu akiuliza.

Bodi inaweza kuamua kununua kutoka kwa jamaa wa mjumbe ikiwa sheria na katiba zinaruhusu. Basi pawe na bei tatu za kushindana, sababu ziandikwe, na muamala huo utajwe kwenye hesabu za mwaka. Utaratibu huu huvunjika zaidi kabla ya kikao: mjumbe ametoka chumbani vizuri, lakini ndiye aliyeandika sifa za vifaa vinavyotakiwa, zikaandikwa kwa kipimo cha kampuni moja tu. Sera iseme wazi kwamba mwenye maslahi hagusi hatua yoyote, kuanzia kuandika mahitaji hadi kupokea mzigo.

Zawadi ziingie katika sera hiyohiyo. Fedha taslimu hazipokelewi kamwe, wala chochote kutoka kwa aliye kwenye zabuni au mlengwa anayesubiri kuchaguliwa. Zawadi ndogo za heshima, ambazo kuzikataa ni kumvunjia mtu adabu, ziandikwe kwenye daftari na ziwe za ofisi nzima.

## Fedha

Msingi wote ni kwamba mtu mmoja asiwe na mwanzo na mwisho wa malipo. Anayeomba, anayeidhinisha, anayelipa na anayesuluhisha hesabu za benki wawe watu tofauti. Ofisi ndogo ya watu wawili inaweza kugawa hivi: mfanyakazi anaomba na kuandaa hati ya malipo, mkurugenzi anaidhinisha, mweka hazina wa bodi anaweka saini ya pili benki, na mjumbe mwingine anapokea taarifa ya benki moja kwa moja na kusuluhisha mwishoni mwa mwezi. Udogo wa shirika haufuti kanuni hii; unahamishia sehemu yake kwa bodi.

Saini mbili hazina maana pale mmoja anaposaini hundi tupu kabla ya safari, au anapompa mwenzake nywila ya benki ya mtandaoni. Katazeni yote mawili kwa maneno yayo hayo. Mjumbe akisafiri, bodi iwe na mweka saini wa tatu aliyekwisha idhinishwa.

Hati ya malipo iambatane na ombi lililoidhinishwa, ankara, uthibitisho kwamba bidhaa au huduma imepokelewa, na baadaye stakabadhi. Anayethibitisha mapokezi asiwe aliyeagiza. Masurufu, yaani fedha anayopewa mtu mapema kwa ajili ya safari, yarejeshwe ndani ya siku 14 baada ya safari, na mwenye masurufu ya zamani asipewe mapya. Sentensi hiyo ya mwisho itapigiwa kelele sana mwezi wa kwanza. Msiilegeze.

Kwa ununuzi, wekeni ngazi tatu kwa kiasi cha fedha kilichopitishwa na bodi: chini kabisa, bei ya duka moja inatosha; katikati, bei tatu kwa maandishi; juu, zabuni ya wazi na kamati ya watu watatu. Mbinu ya kukwepa inayoonekana mara nyingi ni kugawanya manunuzi. Badala ya kununua madawati mia moja, mtu hununua ishirini mara tano, kila mara chini ya kiwango. Sera iseme kwamba kiwango hupimwa kwa jumla ya mahitaji ya mwaka kwa bidhaa hiyo. Mbinu ya pili ni bei tatu zilizotoka mkono mmoja, zenye mwandiko, tarehe au kosa lilelile la tahajia. Bei ziombwe na mtu asiye mnunuzi, na angalau mara moja kwa robo mwaka mhasibu apige simu kwa mmoja wa walioshindwa kuthibitisha kwamba alitoa bei hiyo.

Gharama za mkurugenzi ziidhinishwe na mwenyekiti au mweka hazina, kamwe zisiidhinishwe na mhasibu aliye chini yake. Shirika la hisani la United Way la Marekani lilijifunza hili kwa machungu: rais wake alijiuzulu mwaka 1992 baada ya matumizi yake kuhojiwa hadharani, na mwaka 1995 akatiwa hatiani kwa makosa ya udanganyifu. Mfanyakazi hawezi kumkatalia bosi wake hati ya malipo, na si haki kumweka mahali pa kujaribu.

Fedha zenye masharti zina hatari yake. Mchango uliotolewa kwa ajili ya visima ni wa visima. Kuukopa kulipa mishahara “hadi ruzuku iingie” ni kuvunja ahadi kwa aliyetoa, na ruzuku ile ikichelewa au isipokuja, visima havichimbwi na hakuna pa kulipia. Kila mfuko uwe na msimbo wake katika vitabu, na taarifa ya robo mwaka ionyeshe salio la kila mfuko peke yake. Jumla ya fedha zilizo benki ikiwa ndogo kuliko jumla ya salio za mifuko yenye masharti, shirika limeshaanza kutumia fedha ya watu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Akiba isiyo na masharti iwekewe lengo, na kipimo kinachotumika sana ni gharama za uendeshaji za miezi mitatu hadi sita. Shirika la Uingereza la Kids Company, lililohudumia watoto na vijana, lilifungwa Agosti 2015 likiwa na akiba ndogo mno kulingana na ukubwa wa shughuli zake. Lilipotikisika halikuwa na cha kuegemea, na waliokuwa wakilitegemea walibaki bila huduma ndani ya siku chache tu. Kwa upande mwingine, akiba ya miaka miwili bila sababu iliyoandikwa ni fedha iliyonyimwa walengwa.

## Michango na picha

Sera ya uchangishaji iseme kwamba ombi la mchango halidai jambo lisilo kweli, haliahidi kiasi kisichowezekana, na halimsumbui aliyekataa. Kabla ya kupokea mchango mkubwa, mkurugenzi ajibu kwa maandishi: chanzo chake ni halali? Masharti yake yanatuvuta nje ya madhumuni yetu? Utawadhuru walengwa au kuwatia hatarini? Mtoaji anataka kutawala uamuzi? Jibu likiwa na shaka, bodi ndiyo inayoamua, na uamuzi wa kukataa uandikwe kwa uzito uleule wa kupokea.

Picha za walengwa hupewa uzito mdogo kuliko zinavyostahili. Ridhaa iombwe baada ya kueleza picha itaonekana wapi, itolewe kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa, na kwa mtoto ziwe mbili: ya mzazi au mlezi, na ya mtoto mwenyewe. Jina kamili na mahali anapoishi visiandikwe pamoja. Huduma isitolewe kwa sharti la kupigwa picha, na mpigaji aliseme hilo kwa mdomo kabla ya kuinua kamera, maana mtu anayesubiri chakula haoni kama ana hiari.

## Ulinzi wa walengwa

Hapa ndipo penye uzito kuliko popote. Mfanyakazi wa shirika la hisani ana kitu ambacho mwingine anakihitaji ili aishi, na nguvu hiyo hutumiwa vibaya. Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na shirika la Save the Children la Uingereza ilieleza jinsi wakimbizi, hasa wasichana, nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone walivyodaiwa ngono ili wapate chakula na misaada. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni zinazobeba misingi ambayo shirika lolote linaweza kuitumia: ngono na aliye chini ya miaka 18 imekatazwa hata kama sheria ya mahali inaruhusu, na kusema “nilidhani ni mkubwa” si utetezi, kubadilisha fedha, kazi, bidhaa au huduma kwa ngono kumekatazwa, na anayeshuku mwenzake analazimika kutoa taarifa.

Ingizeni misingi hiyo kwenye mikataba ya wafanyakazi, wajumbe wa bodi, watu wa kujitolea, wakandarasi na wageni wanaotembelea miradi. Mkandarasi anayejenga darasa ana mafundi wanaoshinda na watoto wiki nzima, lakini mara nyingi mkataba wake hautaji neno lolote.

Kuajiri kwa usalama kuna hatua zake. Mahojiano yawe na swali la mwenendo. Ukaguzi wa rekodi ya jinai ufanyike pale unapopatikana. Waajiri wote wa miaka mitano iliyopita waulizwe kwa maandishi swali la moja kwa moja: je, mtu huyu alipatikana na hatia ya unyanyasaji wa kingono, au aliondoka uchunguzi ukiendelea? Barua ya “kwa yeyote inayemhusu” isikubaliwe. Mwaka 2011 shirika la misaada la Oxfam la Uingereza liliwachunguza wafanyakazi wake nchini Haiti kwa utovu wa maadili ya kingono. Baadhi walifukuzwa, wengine wakaachwa wajiuzulu, na aliyekuwa mkuu wa ofisi hiyo baadaye aliajiriwa na shirika jingine la misaada katika nchi nyingine. Jambo lilipotoka hadharani Februari 2018, shirika lilipoteza imani ya watu wengi waliokuwa wakilichangia, na ripoti ya msimamizi wa mashirika ya hisani ya Juni 2019 ililikosoa vikali. Sera yenu iseme kwamba kujiuzulu hakusimamishi uchunguzi, na kwamba matokeo yataelezwa kwa ukweli mwajiri mwingine akiuliza.

Kwenye mradi wenyewe, wekeni kanuni zinazoonekana: mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hampeleki mtoto nyumbani kwake, hawasiliani naye kwa simu binafsi. Orodha ya wanaopewa msaada iandaliwe na watu zaidi ya mmoja na ibandikwe mahali ambapo kuibandika hakumweki mtu hatarini. Pale panapotangazwa kwamba msaada ni bure, nafasi ya kudai malipo hupungua sana. Tangazo liseme: “Huduma hii hailipiwi kwa fedha, kwa kazi wala kwa mwili. Ukidaiwa chochote, tueleze hapa.” Lisomwe pia kwa sauti, kwa wasiojua kusoma.

## Kutoa taarifa na kuchunguza

Ripoti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, zimeonyesha mara kwa mara kwamba zaidi ya asilimia 40 ya visa hufichuliwa na taarifa za watu, huku ukaguzi wa nje ukifichua visa visivyofika asilimia 5. Anayetegemea mkaguzi wa mwaka kugundua wizi amechagua njia dhaifu.

Njia za kutoa taarifa ziwe angalau tatu, na moja isipitie kwa mkurugenzi: namba ya simu au barua pepe inayosomwa na mjumbe wa bodi aliyeteuliwa. Sanduku la maoni likiwekwa mbele ya dirisha la ofisi ya bosi, halitapata barua. Walengwa waulizwe wenyewe wangependa kusema kwa njia gani. Mara nyingi watataja mtu, kwa hiyo mfunzeni mtu huyo. Taarifa zisizo na jina zipokelewe na zifanyiwe kazi. Kulipiza kisasi dhidi ya mtoa taarifa kuhesabiwe kuwa kosa kubwa peke yake, hata kama taarifa yenyewe haikuthibitika, mradi aliitoa kwa nia njema.

Taarifa ikifika, ratiba iwe imeshaandikwa. Ndani ya saa 24, hakikisheni usalama wa aliyedhurika na apate tiba na msaada anaouhitaji. Ndani ya siku 3, mtoa taarifa ajibiwe kwamba imepokelewa. Ndani ya siku 7, bodi au kamati yake iteue mchunguzi asiye chini ya mtuhumiwa wala juu yake katika idara, na iandike maswali anayopaswa kuyajibu. Lengeni ripoti ndani ya siku 30, na ikichelewa, sababu iandikwe.

Ushahidi ushikwe kabla mtuhumiwa hajaarifiwa: nakala za taarifa za benki, barua pepe, hati za malipo, kompyuta ya ofisi. Hapa makosa mengi hufanyika. Mtu huitwa “aeleze kidogo” Ijumaa jioni, na Jumatatu majalada hayapo. Akisimamishwa kazi, asimamishwe kwa mshahara, na barua iseme wazi kwamba si adhabu. Mahojiano yafanywe na watu wawili, mmoja akiandika. Mtoto asihojiwe na shirika. Mpelekeni kwa wenye mafunzo na mamlaka ya kisheria. Jambo likiwa la jinai liende kwa vyombo vya dola, kwa kupima pia usalama na matakwa ya mtu mzima aliyedhurika kadiri sheria inavyoruhusu.

Mchunguzi anaeleza kilichothibitika. Uamuzi wa hatua hutolewa na mwingine. Mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu kila tuhuma na siku 14 za kukata rufaa. Wafadhili waarifiwe kama mikataba inavyodai, na mikataba mingi ya ruzuku hudai wajulishwe mapema, wakati bado ni tuhuma. Shirika linalosubiri hadi uhakika upatikane hujikuta na kesi mbili: ya wizi na ya kuficha.

Mtuhumiwa akiwa mwenyekiti, taarifa iende kwa makamu wake au mjumbe aliyetajwa na sera, na mwenyekiti akae nje ya vikao hadi uamuzi. Aya hiyo iandikwe mapema, wakati mwenyekiti aliyepo bado anaweza kuiunga mkono bila kujihisi ameguswa.

## Kuzifanya ziishi

Kanuni za maadili ziwe ukurasa mmoja, zisainiwe siku ya kwanza na kila mwaka. Mafunzo yafanywe kwa visa: wapeni watu tukio la nusu ukurasa, wasome sera, waseme wangefanya nini. Saa mbili za namna hiyo zinazaa kuliko siku nzima ya kusikiliza.

Sambazeni mapitio mwaka mzima: robo ya kwanza rejista ya maslahi na saini za maadili, ya pili hesabu na ukaguzi, ya tatu ulinzi wa walengwa na njia za taarifa, ya nne bajeti na tathmini ya bodi yenyewe. Kila sera ipitiwe walau kila baada ya miaka mitatu, na mara moja baada ya tukio lolote lililoihusu. Kumbukumbu za fedha zitunzwe kwa muda wa sheria. Mashirika mengi hujiwekea miaka saba. Majalada ya ulinzi wa walengwa hukaa muda mrefu zaidi, chini ya ufunguo wa watu wawili waliotajwa kwa cheo.

Kila miezi sita, mjumbe mmoja wa bodi asiye mweka hazina achague malipo kumi bila kutangaza, ayafuate kutoka ombi hadi stakabadhi, na atembelee sehemu moja iliyodaiwa kupokea bidhaa. Apige pia namba ya taarifa aone kama inapokelewa na kwa muda gani. Awaulize wafanyakazi watatu na walengwa watatu: ukiona jambo baya, utamwambia nani? Majibu yao yaandikwe kama walivyoyasema na yaletwe kikao kinachofuata, kila pengo likiwa na jina la cheo na tarehe ya kulifunga pembeni yake.